Zawadi ya Chupa ya Jemu: Tuifungashe kwa Mikono Yetu



Msimu wa maembe unapofika, nyumba yenye mwembe huona neema inayozidi uwezo wa kuila. Maembe huanguka usiku kucha, watoto hushiba, majirani hupelekewa ndoo nzima, na bado mengine huozea chini ya mti. Ndipo mama anapowasha jiko akapika jemu, chatne na achari ili mavuno ya wiki chache yaliwe kwa miezi. Na kama si maembe, ni mananasi, machungwa, mapera, ndimu au ukwaju. Kila mkoa una msimu wake wa wingi.

Katika sehemu nyingi za nchi, msimu wa maembe hukutana na mwezi wa Desemba. Huo ndio mwezi wa Krismasi, wa harusi, wa kipaimara na wa safari za kwenda kuwaona wazazi kijijini. Kila mahali panahitaji zawadi. Kisha bila kupumua inaingia Januari na sare za shule, madaftari na michango. Akina mama wengi huingia Januari wakiwa na deni la seti ya glasi waliyoinunua kwa ajili ya wifi, huku kabatini mwao zimebaki chupa sita za jemu nzuri kabisa. Hawakuzitoa kwa sababu waliona haya. Walijiuliza, “Nitampelekeaje mtu jemu katika chupa iliyokuwa ya mayonezi?”

Mwezi huu tuzungumzie haya hiyo. Jemu yako haina kasoro; ilichokosa ni vazi tu, na vazi hilo waweza kulitengeneza nyumbani kwa vitu ulivyo navyo. Ila kifungashio si urembo peke yake. Kifungashio chema humlinda anayepokea, humweleza anachopokea, na humwonyesha kuwa alifikiriwa. Tutakwenda kwa utaratibu huo huo: kwanza usalama, kisha uzuri, kisha heshima.

Anza na chupa yenyewe

Chagua chupa za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko vya kuzungusha. Usitumie kamwe chupa au kopo lililowahi kuwa na dawa ya shamba, dawa ya wadudu, mafuta ya taa au rangi, hata kama limeoshwa mara kumi. Vyombo vya plastiki laini navyo havifai kutiliwa jemu ya moto, kwa kuwa hujikunja.

Kuondoa lebo ya zamani, loweka chupa katika maji ya moto yenye sabuni kwa saa moja. Gundi ikibaki, changanya mafuta kidogo ya kupikia na majivu laini yaliyochekechwa, paka, subiri kidogo, kisha sugua kwa kitambaa. Osha tena kwa sabuni mpaka utelezi uishe.

Vifuniko vinahitaji macho zaidi. Kifuniko chenye kutu, au ambacho rangi yake ya ndani imechubuka, kitupwe. Siki na chumvi ya achari hula bati, na chakula huchafuka. Kifuniko chenye harufu ya kitunguu kisuguliwe kwa limau na kuanikwa juani siku moja. Harufu isipotoka, kitumike kwa achari nyingine, si kwa jemu.

Sasa chemsha chupa. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, jaza maji mpaka yazifunike, na tangu maji yaanze kuchemka hesabu dakika 10. Wanaokaa nyanda za juu waongeze dakika 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la pwani. Mama wa Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ahesabu dakika 16. Tia jemu ingali ya moto ndani ya chupa iliyo ya moto. Chupa baridi hupasuka. Acha nafasi ya nusu sentimeta juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, kisha funga.

Chupa ikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimezama na hakichezi, hewa imefungiwa nje. Kikiruka na kutoa mlio, chupa hiyo haikufunga. Iweke mezani kwako iliwe wiki hii, isiwe zawadi. Vifuniko vilivyokwisha kutumika havifungi vizuri kila mara, kwa hiyo usiache kupima hata chupa moja.

Yapo pia mambo ambayo hayafai kuwa zawadi ya chupa hata yakifungashwa kwa hariri. Vitunguu saumu vilivyolowekwa ndani ya mafuta, maharage, nyama na mboga zisizo na siki vinaweza kuotesha vijidudu vinavyoitwa Clostridium botulinum. Sumu yake haina budi kuogopwa, kwa sababu inaweza kuwamo bila kuonekana wala kunuka. Chupani tubaki na vyakula vyenye sukari nyingi au uchachu mwingi: jemu, mamaledi, achari ya siki. Nyanya peke yake hazina uchachu wa kutosha, hivyo chachandu iongezwe siki au maji ya limau.

Kofia ya kitambaa

Zamani mitungi ya jemu ilifunikwa kwa kitambaa au karatasi iliyofungwa kwa uzi, na vitabu vingine vya upishi vilishauri kumwagia juu yake nta iliyoyeyushwa. Leo njia hizo hazishauriwi, kwa sababu ukungu hupenya pembeni. Kitambaa tutakachotumia ni kofia tu. Kifuniko cha kweli kiko chini yake.

Mahitaji ni vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi, mkasi, sahani ndogo, na kamba ya katani, utepe au uzi wa kusuka. Kwa kifuniko chenye upana wa sentimeta 7, kata mduara wenye upana wa sentimeta 16. Weka sahani ya ukubwa huo juu ya kitambaa, zungusha kalamu, kata. Kama huna mkasi wa meno, chovya ukingo katika wanga mwepesi wa muhogo, anika, kisha piga pasi. Nyuzi hazitachomoka, na kofia itasimama vizuri badala ya kulala kama kilemba kilicholowa mvua.

Vaa kofia juu ya kifuniko, zungushia mpira wa kufungia ili isiteleze, kisha funika mpira huo kwa kamba. Kamba ya katani hupendeza sana kwa kitenge chenye rangi kali. Katani ililetwa nchini mwaka 1893 na ikaota mizizi Tanga, na hadi leo kamba yake ni rahisi kupatikana sokoni. Walio karibu na ukindu watumie ukili mwembamba uliotiwa rangi.

Neno moja kuhusu khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ukikata kofia kutoka kwenye khanga, tazama mkasi unapita wapi. Kipande cha jina kikiangukia juu ya chupa, wifi au jirani atakisoma, na anaweza kusoma fumbo ambalo wewe hukulikusudia. Kata kwenye mji, au chagua maneno mema kwa makusudi.

Lebo ndiyo barua yako

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya haya yote, acha kofia na ufanye lebo. Chupa isiyo na lebo humpa mpokeaji mashaka: ni jemu au ni achari? Imepikwa lini? Mtoto aweza kupewa? Wengi huona aibu kuuliza, wakaiweka chupa nyuma ya kabati hadi ikaota ukungu. Zawadi imepotea, nawe hutajua.

Kata karatasi ya manila ya sentimeta 6 kwa 8. Andika kwa kalamu ambayo wino wake hauchujiki kwa maji, mambo haya:

1. Jina la chakula: “Jemu ya nanasi”.
2. Vilivyomo, vyote, hata kama ni vichache: nanasi, sukari, maji ya limau.
3. Tarehe ya kupikwa, pamoja na mwaka.
4. Namna ya kutunza: “Weka mahali pakavu pasipo jua. Ikifunguliwa, weka kwenye friji. Tumia kijiko kikavu.”
5. Maonyo, kama yapo.

Maonyo ndiyo tunayoyasahau. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Inaweza kuwa na mbegu za vijidudu vile vile tulivyovitaja, na tumbo la mtoto mchanga halijaweza kuvizuia. Wapo wanaompelekea mzazi asali kwa nia njema kabisa, na nyanya akamlambisha mtoto. Maneno “Asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1”, yakiandikwa kwa herufi kubwa, yanaweza kuokoa uhai. Penye karanga andika “Ina karanga”, kwa kuwa wapo ambao miili yao haizivumilii kabisa. Achari ina chumvi nyingi, na jemu ina sukari nyingi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari anastahili kujulishwa kabla ya kuonja.

Lebo hiyo waachie watoto waipambe. Mtoto wa darasa la tatu ataweza kuchora nanasi pembeni, na bibi yake atalitunza lile nanasi kuliko jemu yenyewe. Wewe andika maneno, yeye achore.

Gundi ya unga

Huhitaji kununua gundi. Chukua vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano, koroga kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ongeza maji ya moto kufikia kikombe 1, kisha rudisha jikoni kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ipoze ndipo uitumie. Hudumu siku 2 tu, hivyo pika kidogo. Paka nyuma ya lebo yote hadi kwenye kingo, ubandike, halafu futa uji uliotoka nje, maana mende wanaupenda. Kama chupa itakaa kwenye friji na kutoka jasho, ni afadhali lebo itobolewe na kuning'inizwa shingoni kwa uzi.

Mfuko wa karatasi

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda mapema zaidi, mwaka 2008. Kwa mama mwenye mikono, hilo ni jambo la kheri. Kalenda ya mwaka uliokwisha ni karatasi ngumu na nzuri, na kila nyumba inayo.

Kwa chupa yenye upana wa sentimeta 7 na kimo cha sentimeta 12, kata karatasi ya sentimeta 38 kwa 25. Fanya hivi:

Ilaze karatasi, upande mrefu ukiwa mbele yako. Kushoto kunja sentimeta 2; huo ni ulimi wa gundi. Kutoka hapo pima na kuweka alama za sentimeta 10, 8, 10 na 8, ukunje kwenye kila alama. Bandika ulimi ndani ya upande wa mwisho, nawe utapata bomba lenye pande nne.

Chini ya bomba pima sentimeta 6. Kunja pande mbili nyembamba kuingia ndani, kisha pande mbili pana zipande juu yake, ubandike. Kata kipande cha boksi cha sentimeta 9 kwa 7 ukilaze ndani kama sakafu. Acha ikauke usiku kucha.

Ingiza chupa. Juu itabaki nafasi ya kukunjia mara mbili, kutoboa matundu mawili na kupitisha kamba ya katani. Kamba hiyo ni ya kufungia, si mshikio. Mfuko uliobeba chupa ushikwe kwa chini.

Upande wenye picha ya kalenda uwe nje au ndani, upendavyo. Ukiwa ndani, nje kutabaki kweupe kwa kuandika jina la mpokeaji. Gazeti laweza kutumika kwa mfuko, lakini lisiguse chakula chenyewe, kwa sababu wino wake huhama.

Zawadi inaposafiri

Chupa nyingi hazivunjiki mezani. Huvunjikia kwenye basi. Kama zawadi inakwenda mbali, tumia kikapu cha ukindu au boksi gumu. Tandika majani makavu ya mgomba, funga kila chupa kwa majani hayo au kwa gazeti lililofinyangwa, na hakikisha kioo hakigusi kioo. Tikisa kikapu kidogo. Ukisikia mlio, ongeza majani. Chupa zisimame wima, na kikapu kikae miguuni pako, si kwenye buti chini ya mifuko ya mahindi. Kikapu nacho ni sehemu ya zawadi. Mama mkwe atakwenda nacho sokoni muda mrefu baada ya jemu kwisha.

Kumfikiria anayepokea

Tumefika kwenye heshima. Kabla ya kufunga utepe, jiulize chupa hii inakwenda nyumba gani.

Nyumba isiyo na friji ipelekewe chupa mbili ndogo kuliko moja kubwa. Jemu ikiisha kufunguliwa katika joto letu inapaswa kuliwa ndani ya siku chache, na chupa kubwa itaharibika katikati. Mjane mwenye watoto wengi anaweza kuhitaji mkate pamoja na jemu. Funga vyote katika kitambaa kimoja, bila mapambo mengi, umpelekee jioni badala ya kumkabidhi mbele ya watu baada ya ibada. Zawadi yenye mbwembwe humlazimisha mhitaji kushukuru kwa sauti, na shukrani ya kulazimishwa inachoma.

Lipo pia jambo la chombo. Desturi yetu ni kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ni desturi nzuri, lakini yaweza kumlemea asiye na kitu. Atakaa na chupa yako kwa miezi, akikukwepa njiani, kwa sababu hana cha kutia ndani. Mwondolee mzigo huo. Nyuma ya lebo andika, “Chupa ni yako.” Maneno matatu tu, na huenda ndiyo yakawa sehemu ya zawadi atakayoikumbuka zaidi.

Na wale wenye uwezo? Akina mama wengi huogopa kupeleka kitu cha nyumbani kwa ndugu mwenye gari na duka. Msiogope. Yeye glasi anazo. Ambacho hana ni achari ya mbilimbi aliyoionja utotoni kwa bibi, katika chupa iliyovaa kitenge, yenye maandishi ya mkono wa mtu anayemjua. Sharika nyingi zina mnada wa mavuno baada ya ibada. Kiangalieni kinachogombewa pale: mara nyingi ni kile ambacho dukani hakipo.

Ukitaka kuuza

Baadhi yenu, baada ya kusifiwa, mtaanza kufikiria biashara. Ni wazo zuri, lakini zawadi na bidhaa havifuati sheria moja. Chakula cha kufungasha kinachouzwa Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linaloshughulikia pia usalama wa chakula. Kwa mafunzo ya usindikaji na vifungashio, nendeni ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kikundi cha wanawake watano hupata nafuu ya gharama kuliko mama mmoja, na chupa zikinunuliwa pamoja bei hupungua.

Kwa sasa tuanze na zilizo kabatini. Wiki hii toa chupa zote, pima vifuniko, tupa vibovu, kisha andika kwenye karatasi majina ya watu sita. Kila jina lipate chupa yake, na kila chupa ipate lebo yake kabla ya kofia. Ukifanya hivyo mapema, Desemba itakukuta na zawadi zako tayari, na Januari itakukuta na fedha ya madaftari mkononi.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia namna ya kukausha mboga za majani kivulini. Hadi hapo, nawatakia nyote amani majumbani mwenu na mikono isiyochoka kutoa.